Bahasha Isiyo na Muhuri

Ofisi ya Wakili
4 Machi

Binti yangu,

Mimi ndiye wakili uliyeniona jana mahakamani, yule mfupi aliyedondosha mafaili mbele ya hakimu. Hukuniambia neno hata moja, na sikulaumu. Tulipewa dakika sita koridoni, na askari wawili wametutumbulia macho. Mimi niko mbali na hapo mahabusu ya watoto, na simu ya hapo iko mezani kwa Matroni, kwa hiyo tutaandikiana.

Nimekuwekea bahasha kumi zenye muhuri wa ofisi yangu. Sikiliza vizuri. Bahasha yenye muhuri huu ni ya mteja na wakili wake. Haifunguliwi na mtu mwingine: si Matroni, si askari, si hakimu. Bahasha nyingine yoyote itakayotoka humo ndani, Matroni anaifungua na kuisoma kwanza, ndiyo kanuni ya pale. Na Matroni, kama walimu na wauguzi, sheria inamlazimisha kutoa taarifa akijua kuna mtoto anayeumizwa mahali popote. Mimi sheria inaniziba mdomo. Utakachoniambia ni chako mpaka siku utakayoniruhusu kukisema.

Unashtakiwa kwa kuchoma stoo ya baba yako wa kambo. Hujakana, hujakiri. Kesi itasikilizwa Jumatatu, tarehe 14 Aprili. Nisaidie nikusaidie.

Wakili wako


Mahabusu ya watoto
8 Machi

Wakili, shikamoo.

Mimi si binti yako. Binti yako, kama unaye, yuko kwako anaangalia televisheni. Huku wananiita Kiberiti. Na wewe niite hivyo hivyo, nimeshalizoea.

Watu wazima wengi wameshaniambia, "Niambie tu, haitatoka hapa." Mwalimu wangu aliniambia hivyo mwaka jana, na kabla wiki haijaisha wageni walikuwa sebuleni kwetu. Kwa hiyo nakupima. Siri ya kwanza hii hapa: miwani ya Matroni iliyopotea tangu Jumatano nimeichukua mimi. Nimeifukia kwenye gunia la maharage, stoo ya jikoni, la pili kutoka mlangoni. Bila miwani hasomi hata jina lake mwenyewe. Barua za wenzangu anazishika mbali, anakunja uso, halafu anazigonga muhuri wake wa ukaguzi zipite.

Nikiitwa ofisini kuulizwa habari za miwani, nitajua wewe ni mtu wa aina gani, na hutapata barua nyingine kutoka kwangu.

Kiberiti


Ofisi ya Wakili
13 Machi

Kiberiti,

Haya, nakuita hivyo.

Juzi nilimpigia Matroni kuuliza siku za kutembelea. Dakika kumi nzima alinililia miwani yake. Anasema humo ndani kuna mchawi. Nikamwambia, pole sana mama. Basi, hilo ndilo neno langu lote.

Lakini wewe mtoto una roho ngumu! Mama wa watu anapapasa kuta kutafuta mlango wa ofisi yake. Na hayo maharage yatapikwa siku moja. Miwani ikichemka sufuriani, kesi hiyo utajitetea mwenyewe, mimi sitakuwepo.

Nasubiri. Sitakuharakisha.

Wakili wako


Mahabusu ya watoto
16 Machi

Wakili, shikamoo.

Hakuna aliyeniita. Wiki nzima nimetega masikio, hakuna. Sawa, umepita. Hii ni siri ya pili, na hii si mchezo.

Baba wa kambo ni fundi makochi. Nyuma ya nyumba alikuwa na stoo ya mbao na sponji. Haina dirisha, komeo liko nje. Mdogo wangu ana miaka saba. Akimwaga chai, stoo. Akijikojolea, anapigwa ubao kwanza, halafu stoo. Asubuhi mpaka jioni, bila maji. Zamani nilikuwa nawekwa mimi. Nilipokua nikaanza kumng'ata mkono, akaniacha, akahamia kwa mdogo. Mama anasema atazoea. Mama mwenyewe ameshazoea.

Mwaka jana mwalimu aliona alama mgongoni kwa mdogo wangu, akanihoji, nikasema, akatoa taarifa kama sheria yenu inavyotaka. Wakaja wawili na faili. Wakakaa kwenye makochi yake, wakanywa soda yake, wakamuuliza mtoto mbele yake, "Baba anakupiga?" Mtoto akasema hapana. Walipoondoka alifungiwa stoo siku tatu. Nilikuwa nampitishia uji kwa mrija chini ya mlango. Kwa hiyo mtu asiniletee habari za kutoa taarifa.

Stoo imeungua, na mimi sikusikitika. Jana mama alikuja kunitembelea. Ananiambia, anafurahi kabisa, kwamba baba anajenga nyingine ya matofali, mlango wa chuma, na mwisho wa mwezi itakuwa tayari. Ama mama haelewi anachosema, ama anaelewa. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nimekuambia kwa sababu kifua kimejaa. Sijakutuma ukaseme. Ukisema, nitasimama mahakamani niwaambie wote kwamba wakili wangu ni mwongo. Na habari za moto usiniulize. Uliza vyote, moto usiulize.

Kiberiti


Ofisi ya Ustawi wa Jamii
18 Machi

Wakili msomi,

Mahakama imeniagiza niandike taarifa ya familia ya mteja wako. Nimemtembelea mara mbili. Msichana ananitazama kama vile mimi ni ukuta. Mama anasema nyumbani kuna amani tele. Lakini mwalimu wa yule mdogo ananiambia mtoto anatetemeka mlango wa darasa ukifungwa.

Wewe anakuandikia. Matroni anasema bahasha ya mwisho ilikuwa nene. Kama unajua jambo lolote juu ya yule mdogo, lete. Sheria inamtaka kila anayefanya kazi na watoto atoe taarifa, nawe unafanya kazi na watoto. Usijifiche nyuma ya muhuri. Mtoto yule akipata madhara, utamtazama nani usoni na kumwambia ulikuwa unatunza siri?

Nakupa siku saba. Baada ya hapo nitawaandikia chama chenu cha mawakili.

Afisa Ustawi wa Jamii


Ofisi ya Wakili
20 Machi

Afisa,

Waandikie. Anwani yao nimeibandika nyuma ya bahasha usihangaike kuitafuta.

Sisemi ninajua, sisemi sijui. Ungeniuliza kama mteja wangu anapenda pilipili ningekujibu hivyo hivyo. Wewe sheria imekupa mdomo, mimi imeninyang'anya wangu, na imefanya hivyo makusudi. Mtoto aliyekosa pa kusemea duniani kote lazima apate angalau mtu mmoja ambaye hatamgeuka. Siku nitakapomgeuka mteja mmoja kwa huruma, anayefuata atakuja kwangu na midomo imeshonwa. Nitakufa na joho langu mabegani kabla sijafanya hivyo, na chama changu kinaweza kulifuata kaburini.

Sasa na mimi nina swali, naliuliza kama raia yeyote. Siku mtu yeyote akileta taarifa ya mtoto wa nyumba yoyote, ninyi mnafanya nini? Mnaanzia wapi? Mtoto anaulizwa na nani, mbele ya nani? Siku hiyo anapelekwa kwa nani? Mwenye nyumba anajua saa ngapi? Nijibu kwa maandishi, jina la ofisi juu na sahihi yako chini. Jibu la mdomo sitalipokea.

Wakili


Ofisi ya Ustawi wa Jamii
24 Machi

Wakili,

Una kiburi. Nimeipasua barua yako mara moja, halafu nikaiunga kwa gundi ya karatasi nisome tena maswali.

Umeuliza tunaanzia wapi. Nitakujibu kwanza tulikoanzia. Mwaka jana mimi na mwenzangu tulikwenda nyumba ile, jioni, baba yupo. Tukakaribishwa soda, tukanywa. Tukamuuliza mtoto akiwa amesimama kati ya magoti ya baba yake. Natoka mlangoni nikajua tumekosea, na sikurudi, kwa sababu faili lilishaandikwa "hakuna tatizo" na kwa mkono wangu. Kama unadhani nakusumbua kwa sababu ya taarifa ya mahakama tu, hunijui.

Haya, jibu lako. Taarifa ikija leo, siendi nyumbani. Naenda shule, mchana, baba akiwa kazini. Mtoto anaulizwa na mimi peke yangu, na mwalimu anayemtaka yeye. Kabla sijamuuliza, ndugu wa kumpokea awe ameshapatikana. Mtoto harudi nyumbani siku hiyo, na fundi anajua mtoto akishafika salama. Ndugu hawatenganishwi, kama mmoja yuko mahabusu, mwenzake ataletwa kumwona. Nimetia sahihi. Ukinikuta nimekiuka hata kimoja, nishtaki.

Lakini siwezi kwenda hewani, Wakili. Ninahitaji mtu aseme.

Afisa Ustawi wa Jamii


Ofisi ya Wakili
25 Machi

Kiberiti,

Humu ndani kuna nakala ya barua ya Afisa Ustawi. Isome yote. Sikumwambia kitu, utaona mwenyewe jinsi alivyonikasirikia.

Sasa nitakuambia ninavyojisikia, maana wewe umenipa ukweli. Tangu barua yako ifike sili vizuri. Kila siku nahesabu matofali ya mtu nisiyemjua. Nilitaka kupanda gari nikaung'oe huo mlango wa chuma kwa mikono yangu. Sikwenda, na sitasema, kwa sababu nilikuahidi. Kama nakosea, nakosea nikiwa upande wako.

Siri ni yako. Ukitaka nipeleke mimi, niandikie neno moja. Ukitaka kusema mwenyewe, njia unaijua, nilikueleza katika barua yangu ya kwanza kabisa. Ukitaka kunyamaza, nanyamaza, lakini nitakuandikia kila siku kukuomba usinyamaze.

Jambo moja la kazi: ukiamua kusema, sema habari za mtoto. Habari za moto usiziguse hata kwa ncha ya kalamu. Barua iliyosomwa na wengine inaweza kuletwa mahakamani.

Wakili wako


Mahabusu ya watoto
27 Machi

Wakili, shikamoo. Na wewe Matroni, shikamoo, maana najua unaanza wewe.

Bahasha hii haina muhuri. Sijasahau. Za muhuri zimebaki nane, ziko chini ya godoro langu. Matroni, miwani yako nimeiweka mezani kwako leo asubuhi, nimeiosha kwa sabuni. Niliichukua mimi. Adhabu utanipa baadaye, sasa hivi ivae, ukae, usome taratibu.

Mdogo wangu ana miaka saba, yuko darasa la pili. Baba wa kambo anampiga kwa ubao na alikuwa anamfungia stoo kutwa nzima, giza, bila maji. Mwaka jana siku tatu mfululizo. Ana kovu begani la pembe ya ubao. Mimi pia nilifungiwa, nina kovu kwenye goti, njoo nikuonyeshe. Anajenga stoo mpya na inakamilika wiki hii.

Sasa sheria inakulazimisha, Matroni. Usijifanye hukuona, miwani unayo.

Afisa Ustawi ameandika kwa sahihi yake kwamba atakwenda shule, si nyumbani. Afanye hivyo. Mwalimu awe yule wa michezo, mdogo wangu anampenda. Wa kumpokea ni shangazi, dada wa marehemu baba, anafua mashuka hospitali kuu, zamu yake inaisha saa nane. Fundi makochi alimkataza kukanyaga kwetu, lakini hajawahi kuacha kutuulizia. Mtoto asiambiwe kwamba dada yake amefungwa kwa ajili yake. Aambiwe niko bweni.

Mkimwuliza mbele ya mtu yule, au mkimrudisha nyumbani hata kwa kuchukua nguo, sitasema neno tena na mtu mzima yeyote mpaka nizeeke.

Kuhusu moto, muulizeni wakili wangu. Naye hatawaambia.

Kiberiti


Ofisi ya Ustawi wa Jamii
29 Machi

Wakili,

Matroni alinipigia juzi mchana. Hata salamu hakunipa. Alinisomea barua yote kwenye simu, alipofika kwenye kovu la goti akaomba nisubiri, nikamsikia anapenga kamasi.

Jana, mapumziko ya saa nne, nilikuwa shuleni. Mwalimu wa michezo alikaa naye chini kwenye nyasi, bila mlango wowote karibu. Mtoto alizungumza dakika arobaini. Daktari ameona kovu, na ameona mengine. Shangazi alikuja na sare yake ya kazini bado imelowa, akambeba mgongoni mpaka kituoni ingawa mtoto anajua kutembea. Fundi yuko polisi. Stoo nimeiona: mlango wa chuma umeegemezwa ukutani, tayari una komeo, upande wa nje.

Nilimwambia mama anaweza kumfuata mwanawe. Alitazama makochi, akasema atafikiria.

Ile barua ya chama cha mawakili sikuiandika. Bado nasema una kiburi.

Afisa Ustawi wa Jamii


Mahabusu ya watoto
1 Aprili

Wakili, shikamoo.

Hii ina muhuri. Funga mlango wa ofisi kabla hujaendelea.

Naosha sufuria wiki mbili kwa ajili ya miwani. Matroni alinisomea adhabu kwa ukali mbele ya wote, halafu jioni akaja kuniuliza kama goti linaniuma kukiwa na baridi. Sijui nimjibu nini mtu kama huyo.

Ulikuwa huniulizi habari za moto, kwa hiyo nitakuambia. Aliyewasha si mimi.

Nilirudi kutoka shule saa tisa. Mdogo wangu alikuwa amesimama uani, kiberiti cha jikoni mkononi, moshi unaanza kutoka chini ya mlango wa stoo. Hakuna mtu ndani, alihakikisha, alinionyesha kwamba komeo liko wazi. Hakuwa analia. Akaniambia, "Dada, sasa hatuna tena stoo." Sponji zikashika, ikawa kama jehanamu. Nikamnyang'anya kiberiti nikamsukumia jikoni. Majirani walipokuja na ndoo kilikuwa mkononi mwangu, na hakuna aliyeuliza swali la pili. Ndipo likaja hilo jina.

Sasa unaelewa kwa nini sikutaka watu wamhoji. Angesema, angefungwa. Nilikubali kusema ya ubao baada ya kusoma barua ya Afisa, kwa sababu hakuna mahali alipoandika kwamba atauliza habari za moto. Mimi nitafungwa badala yake na nitatoka. Yeye hawezi kukaa tena kwenye chumba chenye komeo nje. Atakufa.

Hii ni siri ya mteja. Ukiitoa nakukana.

Kiberiti


Ofisi ya Wakili
5 Aprili

Kiberiti,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na bado sijakaa.

Mtoto wa miaka saba hashtakiwi. Haiwezekani. Umri huo sheria haimgusi, hata angechoma mahakama yenyewe na hakimu anatazama. Hapelekwi mahabusu, hafunguliwi faili, hasimamishwi popote. Umekaa humo zaidi ya mwezi mzima ukimkinga na kitu ambacho hakipo. Nina hasira, na si juu yako. Ni juu yetu wote tuliokuuliza "kwa nini ulichoma?" na hatukukueleza sheria moja ya mstari mmoja. Mimi nikiwemo. Ulinikataza kuuliza, hukunikataza kufundisha. Nisamehe.

Ukiniruhusu kusema hayo tarehe 14, naamini siku hiyo hiyo utakwenda kwa shangazi. Usiponiruhusu, nitasimama pale nipigane na mikono imefungwa nyuma, na hawatapata kitu kwangu.

Unaniruhusu?

Wakili wako


Mahabusu ya watoto
9 Aprili

Wakili, shikamoo.

Nilicheka mpaka wenzangu wakamwita Matroni. Halafu nikalia, na hilo pia ni siri ya mteja.

Unaniuliza kama nakuruhusu. Siwezi. Ungeniuliza mwezi uliopita ningekujibu haraka, lakini umeniharibu kwa barua zako. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Siri ni yake, mimi nilibeba tu. Watu wazima wameshamtoa mtoto huyu maneno mdomoni mara nyingi, na mimi sitakuwa mmoja wao, hata kama ni kwa faida yangu. Wewe hukunigeuka. Mimi simgeuki.

Jumamosi shangazi anamleta kuniona. Nitamweleza kwamba hakuna mtu anayeweza kumfunga, hata mmoja, hata akikasirika sana. Halafu nitamuuliza kama ulivyoniuliza mimi, na nitasubiri jibu kama ulivyosubiri langu. Najua ana miaka saba. Alikuwa na miaka saba pia siku aliyoamua kwamba ile stoo inatosha, na hakuna aliyemsaidia kufikiri.

Jumatatu nitakukabidhi bahasha koridoni, mbele ya wale askari wako wawili. Usiniulize kitu, itazame tu. Ikiwa na muhuri, amekataa. Utaifungua peke yako, utanyamaza, na mimi nitaingia mle ndani na jina langu la Kiberiti, kichwa juu. Ikiwa haina muhuri, mpe hakimu aisome kwa sauti, na fundi makochi, popote alipo, naye asikie.

Na mafaili uyashike kwa mikono miwili.

Kiberiti